Aliletwa kwa sababu ya ngumi

Kwenye barua ya rufaa hapakuwa na neno uzito hata mara moja. Iliandikwa: mvulana wa miaka 10, anapiga wenzake, hamsikilizi mwalimu, anasinzia darasani, shule imeshampa onyo la mwisho. Kisa chenyewe nimekiunganisha kutoka visa kadhaa vinavyofanana ili asitambulike mtoto wala familia yoyote, lakini hakuna kilichomo ambacho mtu wa kazi hii hajakutana nacho. Nakieleza kwa kirefu kwa sababu watoto wa namna hii wakifika kliniki huanziwa kwenye mizani, na ukianzia kwenye mizani utaishia kuuliza anakula nini. Swali lililotufungulia mlango hapa lilikuwa jingine: chakula kinamfanyia kazi gani?

Alikuja na mama yake. Aliamkia, akakaa ukingoni mwa kiti, akavuta shati mbele ili lisimshike tumboni. Mama alieleza ya shule kwa muda mrefu, kisha akashusha sauti: "Na usafi pia, daktari. Shingo haitakati. Namsugua mwenyewe kila jioni." Nikamwomba mtoto anionyeshe. Nyuma ya shingo ngozi ilikuwa nyeusi kuliko kwingine, nene, laini mithili ya mahameli ukiigusa, na juu yake kulikuwa na michubuko mipya ya brashi.

Haukuwa uchafu. Ngozi hubadilika hivyo insulini inapozidi katika damu: mwili umeacha kuiitikia ipasavyo, kongosho linazidi kuitoa, na wingi huo unachochea seli za ngozi zizaliane, hasa shingoni na kwapani. Haitoki kwa sabuni. Kwa hiyo mtoto huyu alikuwa akisuguliwa nyumbani kila jioni na kuitwa mchafu darasani kila asubuhi, kwa jambo ambalo si yeye wala mama yake aliyekuwa na uwezo nalo. Mama alipoelezwa alinyamaza, kisha akamgeukia: "Pole, baba." Mtoto hakujibu. Alirudi kuvuta shati.

Vipimo vilikuwa hivi: urefu sentimita 146, uzito kilo 55, BMI (kipimo cha uzito kwa kulinganisha na urefu) 25.8. Kwa mtu mzima namba hiyo ni uzito uliozidi kidogo tu, ndiyo maana wazazi wakiitafuta kwenye intaneti hupumua. Kwa mtoto haisomwi hivyo. Inapimwa dhidi ya watoto wa umri na jinsia yake. Kwa chati za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2007, mtoto wa miaka 5 hadi 19 aliyevuka mkengeuko sanifu mmoja, yaani hatua moja ya kitakwimu, juu ya mstari wa kati ana uzito uliozidi, na aliyevuka miwili ana unene uliopitiliza. Kwa mvulana wa umri huu mstari huo wa pili uko karibu na BMI ya 22, na huyu alikuwa ameupita zamani. Wenzake ni wengi. Mwaka 1990 asilimia 2 ya watoto na vijana wa rika hilo duniani walikuwa na unene uliopitiliza; mwaka 2022 walifika asilimia 8, kiasi cha milioni 160.

Urefu wake ulitusaidia kufuta mambo kadhaa haraka. Alikuwa mrefu kuliko wengi wa umri wake. Mtoto aliyenenepeshwa na kasoro ya homoni, kama thairoidi kuwa mvivu au kotisoli kuzidi, kwa kawaida huchelewa kurefuka. Anayenenepa kwa ulaji huwahi. Hakuwa ametumia dawa zinazoongeza uzito kama risperidoni, olanzapini au valproeti. Hakuwa na njaa isiyoshibishika tangu uchanga, ambayo ingetupeleka kwenye kasoro adimu za vinasaba vinavyohusu leptini, ile homoni ya shibe iliyogunduliwa mwaka 1994. Presha ilikuwa juu kidogo, sukari ya kufunga ilikuwa ndani ya mipaka, kimeng'enya cha ini kilikuwa kimepanda kidogo. Tuliyaandika, tukayapangia tarehe ya kurudiwa.

Kilichonishika zaidi ni chati ya ukuaji. Mama alikuwa ametunza kadi zote za mwanawe, jambo ambalo si wazazi wengi hulifanya mtoto akishaanza shule. Tangu kuzaliwa hadi miaka 6 mstari wake ulipita karibu na katikati bila vituko. Baada ya miaka 7 ulipinda, ukapanda, ukavuka mstari wa kwanza na wa pili kabla hajatimiza miaka 9. Mstari uliopinda hivyo una tarehe. Mtoto aliyekuwa mnene tangu mwanzo na aliyeanza kunenepa ghafla akiwa na miaka 7 ni watoto wawili tofauti hata kama leo kilo zao ni sawa, na BMI ya siku moja haiwezi kuwatenganisha. Nikamuuliza mama: mwaka ule nyumbani kulikuwa na nini?

Alihesabu kwa vidole. "Ndipo alipozaliwa mdogo wake."

Mdogo wake ni msichana aliyezaliwa na kasoro ya moyo. Mama alikaa naye wodini kwa miezi, akitoka na kurudi. Baba anafanya kazi mbali, huja kwa nafasi. Mvulana alikaa kwa shangazi, kisha kwa majirani, kisha kwa shangazi tena. "Huyu hakunisumbua hata siku moja," mama alisema, na alisema kwa kumsifu. Kauli hiyo huwa naiandika kwenye faili neno kwa neno. Mtoto wa miaka 7 asiyesumbua wakati mama yake hayupo nyumbani kwa miezi ana mahali anapoupeleka usumbufu wake. Kila mama alipotoka wodini alimletea biskuti. Hakuwa na muda wa kukaa naye. Alikuwa na saa ya kuoga, kufua na kurudi. Mama alipotoka tena, pakiti ndiyo iliyobaki mkononi mwa mtoto.

Msichana alipona kiasi cha kurudi nyumbani, na hapo yakaanza mambo ya mezani, ambayo kwa maoni yangu ndiyo kiini cha kisa chote. Mtoto mwenye moyo mgonjwa hutumia nguvu nyingi kupumua tu, haongezeki, na madaktari walimwagiza mama ampe chakula chenye nguvu, kidogo kidogo, mara nyingi. Wakati huohuo shule ilikuwa imeanza kutuma ujumbe kuhusu mwili wa kaka. Mama alikuwa na maagizo mawili, yote ya wataalamu, yote ya kweli: mnenepeshe huyu, mpunguze yule. Mezani ilikuwa hivi. Msichana anabembelezwa kijiko kwa kijiko, akimeza anapigiwa makofi. Kaka yake aliyeketi mkabala anaambiwa, "Wewe inatosha, inuka." Hakuna aliyekusudia ubaya. Lakini mtoto alikuwa akitazama kila siku kwamba nyumbani mwao hofu na upendo wa mama hupitia kwenye kijiko, na kijiko chake kimeondolewa.

Mwaka mmoja kabla hatujamwona, mtu mwenye nia njema alimshauri mama afunge kabati kwa kufuli. Ushauri huo hutolewa sana na haufanyi kazi. Watafiti Jennifer Fisher na Leann Birch walionyesha mwaka 1999 kwamba watoto wadogo waliowekewa chakula mahali wanapokiona kisha wakazuiwa kukichukua, walikizungumzia, walikiomba na kukihangaikia kuliko chakula ambacho hakikuzuiwa. Kufuli halipunguzi hamu. Linaihamisha mahali pasipoonekana. Siku moja mama alipokuwa akitafuta viatu vya kumgawia mtoto wa ndugu yake, alikuta viatu vilivyokwisha kumbana mwanawe vimejaa karatasi za biskuti, kila moja imekunjwa na kukunjwa tena hadi ukubwa wa kidole gumba, zimepangwa kuanzia kisiginoni. Alimchapa. Hilo alitueleza mwenyewe bila kuulizwa.

Sasa shule. Kulikuwa na daftari la matukio, na mwalimu wa darasa, aliyekuwa amechoka lakini si mkatili, alikubali tulipitie pamoja. Ngumi zilikuwa na ratiba. Karibu zote zilitokea siku za michezo, wakati wa kubadili nguo, au kipindi cha kwanza baada ya mapumziko ya chakula. Daftari lilikuwa na safu ya aliyepiga na safu ya aliyepigwa. Safu ya kilichotangulia haikuwepo. Mtoto mwenyewe alituambia baadaye, akitazama sakafu: chumba cha kubadilishia nguo walimfinya kifua na kumuuliza kama anavaa sidiria. Wakati wa chakula walihesabu matonge yake kwa sauti. Alivumilia hadi aliposhindwa, akapiga, na mwili wake mkubwa ukafanya pigo lionekane.

Mwalimu alisema, "Mkubwa hivi anapigana na wadogo." Tulipotazama tarehe za kuzaliwa, wawili kati ya hao wadogo walikuwa wamemzidi miezi. Hili halisemwi vya kutosha: mtoto mwenye mwili mkubwa hudaiwa akili ya umri asio nao. Akilia anaambiwa jitu zima linalia. Akikosea anahesabiwa amekusudia. Kwa wasichana ni zaidi, maana wenye unene huwahi kuvunja ungo, na huanza kutazamwa kama wanawake wakiwa bado wanacheza na wanasesere.

Wala si kwamba shule ile ilikuwa na watoto wabaya kuliko kwingine. Mwaka 1961 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwaonyesha watoto wa miaka 10 na 11 michoro sita: mtoto asiye na ulemavu, mwenye magongo, aliye kwenye kiti cha magurudumu, asiye na kiganja, mwenye kasoro usoni, na mnene. Waliambiwa wapange kuanzia wanayempenda zaidi. Mnene aliwekwa mwisho. Watafiti Latner na Stunkard walirudia zoezi hilo wakachapisha matokeo mwaka 2003: alikuwa bado mwisho, na pengo lilikuwa limepanuka. Mwaka huohuo wa 2003 ulitoka utafiti mwingine wa watoto na vijana 106 wenye unene mkali waliotafutiwa matibabu hospitalini. Jinsi wao na wazazi wao walivyoyaeleza maisha yao ya kila siku ililingana na maelezo ya watoto wenye saratani waliokuwa wakitibiwa kwa dawa za kuua seli. Wakati kamusi ya utani wa shule bado ina neno bonge kama jina la kawaida tu, takwimu hiyo inafaa kukumbukwa.

Tulizungumza na mtoto peke yake. Hili halina mbadala. Mbele ya mama angejibu anachodhani mama anataka. Mwanasaikolojia wetu hakuanza na chakula. Alianza na siku nzima: unaamka saa ngapi, nani yupo, njiani unatembea na nani, sehemu gani ya siku ungeiruka kama ungeweza. Angeiruka michezo. Ndipo alipomuuliza, "Usiku unapoamka kwenda jikoni, kabla hujala unasikia nini?"

"Kelele."

"Za nini?"

Aligusa kifua. "Humu."

"Na ukishakula?"

"Zinanyamaza kidogo. Halafu najichukia."

Alieleza kwamba hula haraka, amesimama, bila kuwasha taa, na mara nyingine hawezi kuacha hata tumbo linapouma. Kwa watoto, kule kuhisi kwamba huwezi kujizuia ndiko kunakotuhusu kuliko wingi wa chakula, kwa sababu mtoto hana uhuru wa kujipatia chakula kingi kama mtu mzima. Huyu hakuwa anajitapisha wala kujinyima makusudi. Tulimuuliza pia, kwa maneno ya moja kwa moja, kama amewahi kutamani kufa. Alisema aliwahi kutamani asiamke, hakuwahi kupanga lolote. Alama zake za sonona zilikuwa za kati. Kuuliza hakumpi mtoto wazo, humpa ruhusa.

Tukauliza pia kama kuna mtu aliyemgusa au kumuumiza, hasa alipokuwa akihamishwa nyumba hadi nyumba. Wengine huona swali hili limezidi kwa mtoto aliyeletwa kwa ngumi na kilo. Historia ya fani inasema vinginevyo. Katika miaka ya 1980 daktari Vincent Felitti aliendesha kliniki ya unene chini ya Kaiser Permanente, shirika la bima na huduma za afya, huko San Diego, Marekani, na alishangaa kwamba waliokuwa wakiacha matibabu walikuwa hasa wale waliofanikiwa kupungua. Alipowahoji alikuta wengi walinyanyaswa kingono utotoni, na mwili mkubwa ulikuwa kinga yao. Kutokana na mshangao huo, yeye na daktari mwenzake Robert Anda waliendesha uchunguzi wa madhila ya utotoni uliohusisha zaidi ya watu wazima 17,000, na ripoti yake ya kwanza ilitoka mwaka 1998. Mvulana wetu alisema hapana, na hakuna dalili iliyotupinga. Tuliacha mlango wazi, kwa kuwa mtoto hasemi kila kitu siku ya kwanza.

Likabaki jambo la kusinzia darasani, ambalo barua ya rufaa ililiita uvivu. Shangazi, aliyekuja safari ya pili, ndiye aliyelisema: "Huyu anakoroma mpaka ananyamaza, nami namgusa nione kama yupo." Tezi zake za koo zilikuwa zinakaribia kugusana. Kipimo cha usingizi cha usiku kucha kilithibitisha kwamba pumzi ilikuwa ikikatika tena na tena. Mtoto wa namna hii hasinzii tu mchana kama mtu mzima. Huwa mkali, hatulii, anasahau, anaruka kutoka jambo hadi jambo, na ni rahisi sana kumwandikia ADHD, tatizo la umakini na utulivu. Kwa kweli ADHD na unene huandamana: uchambuzi wa tafiti nyingi uliotoka mwaka 2016 ulikuta watoto wenye ADHD wana unene kwa kiwango kinachozidi wenzao kwa karibu asilimia 40. Lakini huwezi kuitafuta ADHD kwa mtoto ambaye hajalala. Usingizi mfupi nao huweza kushusha leptini na kupandisha ghrelini, homoni ya njaa, kwa hiyo usiku mbaya unamletea hasira asubuhi na njaa jioni. Watoto wa miaka 6 hadi 12 wanahitaji kulala kwa muda wa saa 9 hadi 12. Huyu alikuwa kitandani kwa muda wa saa 9 na kulala vizuri sehemu yake tu.

Ukiyaweka pamoja, huwezi kuchora mshale mmoja kutoka unene kwenda kwenye tabia, wala kinyume chake. Upweke ulileta kula, kula kukaleta mwili, mwili ukaleta utani, utani ukaleta ngumi na kelele za usiku, kelele zikaleta kula. Na koo lililobana likaharibu usingizi uliokuwa umebaki kumtuliza. Mzunguko wa namna hii una faida moja, kwamba unaweza kuukata popote. Kilo ndiyo sehemu ngumu kuliko zote kuikata moja kwa moja, na ndiyo ambayo kila mtu alikuwa ameishambulia kwa miaka miwili.

Tukapanga hivi: usingizi kwanza, shule pili, meza tatu, kilo mwisho.

Tezi ziliondolewa. Jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2013, la watoto wa miaka 5 hadi 9, lilionyesha kwamba upasuaji huu unaboresha tabia na usingizi, ingawa vipimo vya umakini vyenyewe havikutofautiana kwa maana na vya waliosubiri. Kwa mvulana wetu mwalimu aliona badiliko la ukali kabla hatujamuuliza. Uzito, hata hivyo, ulipanda kwa kilo 2 katika miezi iliyofuata. Tulilitarajia, maana watoto wengi huongezeka baada ya upasuaji huo, wanene na wasio wanene, na tulikuwa tumemwambia mama mapema. Bila onyo hilo angeona tumemharibia mtoto.

Shuleni hatukuomba mahubiri darasani kuhusu kuheshimu miili ya watu. Mahubiri ya namna hiyo humweka mtoto katikati ya chumba. Tuliomba mambo mawili: abadili nguo mahali penye mtu mzima mlangoni, na daftari liongezwe safu ya kilichotangulia. La pili lilizua ubishi kuliko la kwanza. Lilipokubaliwa, ndani ya muhula mmoja majina yaliyojitokeza kwenye safu mpya yalikuwa matatu, yaleyale, na mwalimu akajua pa kuanzia.

Mezani ndiko kulikohitaji kazi kubwa na muda mwingi. Kufuli likaondolewa, lakini halikuachwa pengo. Mama alichukua jukumu la nini kinapikwa, saa ngapi na wapi kinaliwa, na mtoto akaachiwa kiasi. Biskuti hazikupigwa marufuku. Ziliacha kukaa nyumbani kila siku kwa yeyote, pamoja na watu wazima. Vinywaji vya sukari vilikwisha kwa nyumba nzima. Chakula cha ziada cha msichana kilihamishiwa saa ambazo kaka yuko shuleni, na makofi yakakoma. Kisha tukaomba dakika 20 kila siku za mama na mwanawe peke yao, bila chakula na bila mdogo, shangazi akimshika mtoto. Alichagua karata. Mama alisema wiki ya kwanza walicheza kimya, wiki ya pili akamsimulia habari za chumba cha kubadilishia nguo, ambazo alikuwa hajazisikia.

Baba, kwa simu, alikuwa na swali lake la kila wiki: "Umepungua?" Tulimwomba aulize kitu kingine chochote. Aliona ni upuuzi wa kisasa, na alisema hivyo, lakini aliacha.

Kwa mwanasaikolojia mtoto alijifunza kuzipa kelele za kifuani kipimo cha 1 hadi 10, kuzitambua zikiwa 4 badala ya kungoja zifike 9, na kumwamsha mtu badala ya kwenda jikoni. Kumwamsha mtu kulikuwa kugumu. Alikuwa mtoto asiyesumbua.

Kwa upande wa muda, mwongozo wa chama cha madaktari wa watoto wa Marekani wa Januari 2023 unataka angalau saa 26 za kukutana ana kwa ana na familia ndani ya miezi 3 hadi 12. Kliniki nyingi haziwezi, na sisi tulifika kwa kuhesabu pia vikao vya shule na vya mama. Wanaokatishwa tamaa na saa hizo wazingatie kwamba kinachotibiwa ni nyumba nzima, na kazi ya mtafiti Leonard Epstein tangu miaka ya 1980 imeonyesha kwamba mtoto hupata matokeo ya kudumu zaidi mzazi anapotibiwa pamoja naye.

Tulipata pigo moja kutoka kwetu wenyewe. Mhudumu aliyekuwa zamu alimpima kwenye korido akaisoma namba kwa sauti. Mtoto aligoma kupanda mizani safari mbili zilizofuata. Sasa wote hupimwa ndani, wanaotaka hugeuza mgongo, na namba haisemwi isipokuwa mtoto ameiuliza. Jambo dogo, lisilo na gharama, na lingepaswa kuwa hivyo tangu zamani.

Alipofika miaka 11 na miezi 4 alikuwa na urefu wa sentimita 152 na kilo 56.5. Kwa anayetazama kilo tu, mwaka mzima wa kazi umemwongezea kilo moja na nusu. BMI imeshuka hadi 24.5, na hilo ndilo lengo tuliloliweka: uzito usimame karibu na ulipo, urefu ufanye kazi. Bado yuko juu ya mstari wa pili. Kimeng'enya cha ini kimerudi chini, presha iko sawa, shingo haijabadilika sana. Alama za sonona zimeshuka chini ya kiwango cha kutia shaka. Daftari la shule halina tukio lake muhula mzima, isipokuwa moja ambalo safu ya kilichotangulia ilimtetea.

Mwakani atafika umri ambao mwongozo huohuo unaruhusu dawa za kupunguza uzito, yaani miaka 12. Baba ameshauliza. Msimamo wangu ni kwamba mazungumzo hayo yafanywe na mtoto akiwemo, na yasifanywe kabla hatujapima upya ule ulaji wa usiku, kwa sababu dawa inayokata hamu haitamwambia mtu yeyote kelele zinatoka wapi. Ulaji wenyewe umepungua, haujaisha. Hurudi kila mdogo wake anapolazwa. Msichana ana upasuaji mwingine uliopangwa, na safari hii tumeandika mpango mapema: shangazi atahamia pale, mvulana atabaki kitandani kwake badala ya kupelekwa kwa majirani, atamtembelea mdogo wake wodini siku ya pili, na mama atapiga simu kila jioni saa moja na nusu. Biskuti za kutoka hospitalini hazimo kwenye mpango. Karata zimo, mvulana ndiye aliyetaka ziandikwe.